Mpwa Wangu Anaondoka Januari: Baridi Itakuwaje?

Mtwara kuchele! Ndugu zangu, leo sipo kwenye lile jiko langu la Minneapolis, Marekani, mlilolizoea. Nipo nyumbani, Mikindani, barazani kwa mama, na kusi mnalisikia wenyewe linavyopiga kwenye maiki, mnisamehe. Likizo imebaki wiki moja.

Nasogeza kamera muone hiki kidole. Cha shahada, mkono wa kulia. Ukikitazama hakina kitu. Lakini nikishika soda ya baridi, hapa hapa kwenye jua la Mikindani, ncha yake inachoma kama imeguswa na sindano. Inanifanya hivyo tangu Januari 2019. Nimeikumbuka habari yake kwa sababu jana usiku mpwa wangu ameniuliza swali ambalo nanyi mnaniuliza kila ikifika Septemba: "Mjomba, winta ya mwaka huu itakuwa kali?" Yeye anakwenda kusoma kule kule Minneapolis, anaondoka Januari. Kati ya miezi yote, Januari.

Kwanza tuelewane ni baridi ipi. Sisi huku Julai usiku ikishuka nyuzi 20 watu wanatafuta masweta, na ndugu zetu wa Newala wanaamka kwenye ukungu wamejitanda mablanketi. Minneapolis, ukichukua mchana na usiku pamoja, wastani wa Januari ni kama nyuzi 9 chini ya sifuri. Huo ni mwaka wa kawaida. Anachouliza mpwa wangu ni kama mwaka huu itazidi hapo.

Kule nako kuna utabiri wa wazee. Kuna kiwavi wa manyoya, mweusi kichwani na mkiani, kahawia katikati. Wanasema mkanda wa kahawia ukiwa mwembamba, jiandae. Jirani yangu mmoja aliwahi kuniwekea kiganjani, kiwavi akajikunja kama kifungo. Lakini wanaochunguza wadudu wanasema ule mkanda unafuata umri wake na jinsi alivyopata chakula, yaani anakusimulia msimu uliopita. Wazee wetu wa bahari walikuwa na msingi imara zaidi. Walihesabu miongo, yaani makumi ya siku, tangu Nairuzi, mwaka mpya wao, wakajua kusi linaingia lini, maana pepo zetu zina zamu zake. Baridi ya kule haina zamu ya kuaminika namna hiyo.

Wataalamu wao wanatazama maji. Bahari ya Pasifiki, pale kwenye ikweta, ikipata joto kupita kawaida, hiyo ndiyo El Niño, na kaskazini mwa Marekani winta huwa inaelekea kuwa nafuu. Ikipoa, La Niña, mara nyingi inakuwa kinyume chake. Ni maji hayo hayo yanayovuruga mvua zetu huku Afrika Mashariki. Basi NOAA, ambao ni kama TMA wao, mamlaka ya hali ya hewa, wanatoa mwelekeo wa winta katikati ya Oktoba, na kila Alhamisi ya tatu ya mwezi wanautoa upya. Lugha yao mnaijua, ni ile mnayoisikia redioni kabla ya msimu wa mvua wa Novemba hadi Aprili: juu ya wastani, wastani, chini ya wastani. Wasipoona dalili ya kuelemea popote, kila fungu linapewa theluthi. Sasa wakisema kuna asilimia 45 ya joto kuwa juu ya wastani, watu wanaibeba hiyo 45 na kuondoka nayo. Zile 55 zilizobaki kwenye mafungu mengine mawili, hakuna anayeziuliza.

Mimi sikuziuliza. Nilifika Agosti 2018. Oktoba NOAA wakatangaza kwamba sehemu kubwa ya nchi inaelekea kupata winta yenye joto kuliko kawaida, El Niño inanyemelea. Nikamshukuru Mungu. Nilikuwa na jaketi la ngozi nililolinunua mitumba hapa Mtwara na glovu za uzi, nikaona zinatosha, hela nikaituma nyumbani.

Tarehe 30 Januari 2019 asubuhi, Minneapolis ilifika nyuzi 33 chini ya sifuri. Friza la samaki, lile mnalogandishia nguru mpaka anakuwa gogo, huwa linawekwa kwenye 18 chini ya sifuri. Shule zilifungwa. Posta ya Marekani ilisimamisha kusambaza barua. Mimi nilikuwa kituoni nasubiri basi, maana kazini hawakunipa ruhusa. Saa moja asubuhi kule, huku saa kumi jioni, mama akapiga. Nikavua glovu nipokee, nikamjibu niko salama, tukaendelea kuongea. Ukivuta pumzi, vinyweleo vya puani vinashikana. Kidole kiliuma, kikauma sana, halafu kikanyamaza. Nikadhani kimezoea. Kumbe mwanangu, kikinyamaza ndiyo kinaganda. Nilipokitazama kilikuwa cheupe kama nta ya mshumaa, nikikigusa sikisikii. Kwa upepo wa siku ile, ngozi iliyo wazi dakika kumi tu zinaitosha. Na maumivu yenyewe yalikuja baadaye, ndani ya nyumba, damu ilipoanza kurudi.

Je, NOAA walidanganya? Hapana, na hili nalisema kwa moyo wangu wote. Juu kabisa ya ncha ya kaskazini ya dunia kuna pepo zinazozunguka wakati wa winta kama pia ya watoto. Zikiwa na nguvu, baridi inabaki imefungiwa huko. Zikilegea, inamwagika kusini. Mwanzoni mwa Januari 2019 ule mzunguko ulipasuka. Kitu kama hicho kinaonekana wiki chache kabla, Oktoba hakionekani. Na ona mwaka wa El Niño yenye nguvu, 2023 kuingia 2024: walisema kaskazini kutakuwa na joto, na Minnesota, jimbo lenye Minneapolis, ikapata winta ya joto kuliko zote ilizowahi kuandika. Kule watu wanavua samaki kwa kutoboa barafu ya ziwa, wanakaa juu yake na vibanda vyao. Mwisho wa Desemba barafu ya Upper Red Lake ilimeguka, ikaelea na watu zaidi ya 100, ikabidi waokolewe.

Mama yangu hapa ananikumbusha kile kimbunga, Kenneth. Miezi mitatu tu baada ya kidole changu, Aprili 2019, zamu ya hofu ikawa yangu. TMA walionya kimbunga kinakuja, Mtwara shule na ofisi zikafungwa, mimi niko mbali nahesabu saa. Kikapita kusini ya mto Ruvuma, upande wa Msumbiji. Nikasikia watu wanasema "tumetishwa bure." Jamani! Cabo Delgado kiliua watu na kubomoa nyumba za ndugu zetu wa ng'ambo ya mto. Mama alikuwa ameshafunga nyaraka zake kwenye mfuko wa nailoni na kwenda kwa dada yake, juu, mbali na bahari. Sijawahi kumsikia akijutia nauli ile.

Kwa hiyo mpwa wangu, Oktoba tutausoma mwelekeo pamoja, nami nitawaletea hapa. Utatusaidia kukisia bili ya umeme na gesi. Koti usilinunue kwa kufuata mwelekeo. Koti linanunuliwa kwa ajili ya usiku mmoja mbaya kuliko yote, na usiku huo unaweza kuja hata kwenye winta nafuu. Ukishafika, kila asubuhi kabla ya chai fungua simu utazame siku saba zijazo, na utazame ile namba ya baridi ikichanganywa na upepo. Glovu chukua zile za vidole kukaa pamoja, vinapashana joto. Simu ikiita kituoni, iache iite. Bibi yako ataelewa, nimeshamwambia, huyu hapa anatikisa kichwa kukubali.

Koti lako nimekuja nalo. Najua kuna joto, vumilia kidogo watu waone. Vaa. Pandisha zipu, bado, mpaka kidevuni. Kofia. Haya, geuka kwenye kamera.