Chomoa Waya, Kisha Sikiliza: Mtandao, Stima na Muziki wa Nyumbani

Hamjambo wapenzi wa muziki, na asanteni kwa kufika licha ya foleni ya Waiyaki Way. Wengi mmeniuliza mlangoni: nikinunua waya wa mtandao wa bei ghali, au swichi ya mtandao, kile kisanduku cha kugawa waya, inayouzwa kwa ajili ya hi-fi (mitambo ya muziki wa hali ya juu), muziki utanoga zaidi?

Jibu nataka mlisikie wenyewe. Strima hii, yaani kifaa kinachovuta muziki kutoka mtandaoni, inacheza wimbo wa kiwango cha CD: sampuli 44,100 kwa sekunde, kila moja biti 16. Nachomoa waya wa mtandao. Mnasikia? Wimbo unaendelea, kwa sababu strima imekwisha kujiwekea akiba. Besi ni ileile, mwimbaji yuko palepale. Kama waya ungekuwa unatia utamu au kuupunguza, tungesikia tofauti sasa, ukiwa umelala hapa mezani.

Data husafiri kwa pakiti, na kila pakiti hukaguliwa. Iliyoharibika hutupwa na kutumwa upya. Saa inayoamua sampuli itoke lini iko kwenye strima au DAC, kifaa kinachogeuza namba kuwa sauti ya umeme; haiko kwenye rauta. Wapo wanaosema uchafu wa stima hupitia waya huohuo, na hoja hiyo ina haki yake, maana adapta duni huvujisha mkondo. Lakini mlango wa waya wa mtandao una transfoma ndogo za kuzuia hilo. Tumia waya usio na kinga ya chuma, inatosha.

Mtandao mbovu hukatakata wimbo, au programu hujishushia kiwango kimyakimya. Hilo la pili ndilo la kuchunga: fungua mipangilio, uchague kiwango cha juu kabisa. CD huhitaji megabiti 1.4 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kifurushi cha megabiti 10 kinatosha na kubaki. Mnaokaa kwenye maghorofa ya Pipeline au Kilimani mnagombania hewa na Wi-Fi za majirani, na masafa ya GHz 2.4 yana chaneli 3 tu zisizoingiliana. Hamieni GHz 5, au vuteni waya wa kawaida.

Stima ndiyo inayonikosesha usingizi. Kuanzia DAC hadi spika hakuna namba tena, kuna volti ndogo tu, na kila kinachojipenyeza humo hukuzwa na amplifaya. Vifaa vikifika kwenye ethi, yaani waya wa usalama uendao ardhini, kwa njia mbili, mkondo huzunguka kati yake nanyi mnasikia mngurumo wa hezi 50. Simamisha muziki, acha amplifaya ikiwa imewashwa, kisha chomoa kebo ya dishi kwenye dikoda. Mngurumo ukikoma, mwizi umemshika. Chomeka vifaa vyote kwenye ekstensheni moja, na TV uiunganishe kwa kebo ya mwanga (optical). Transfoma ya amplifaya ikivuma stima inapopotea tu, shida ni UPS, ile betri ya akiba, ya bei rahisi isiyotoa wimbi laini.

Nawasihi sana: msikate pini ya ethi. Mngurumo utaisha, ndiyo, lakini siku waya wenye moto utakapogusa kasha la chuma, ulinzi wenu ni pini hiyo. Na zipo nyumba za kupanga ambazo tundu la tatu la soketi halijaungwa na chochote. Kabla ya kwenda maduka ya Luthuli kutafuta waya wa kifahari, mwiteni fundi wa stima mwenye leseni apime ethi.

Sasa nakaribisha maswali. Aliyekuja na amplifaya yake ailete hapa mbele tuisikilize.