Ukurasa Mzima: Kishikwambi Kinatupa Nini Kisichokuwemo Simuni?

KHAMIS: Assalaam alaykum, wasikilizaji wetu. Mie Khamis, fundi simu, nipo hapa Mlandege, Unguja mjini. Mwenzangu yupo kwao Wete.

ZUWENA: Waalaykumu ssalaam. Mie Zuwena, mwalimu wa hesabu. Mtusamehe kwa kelele za mvua, bati letu leo linapigwa kweli kweli.

KHAMIS: Mvua ya kheri hiyo. Mwalimu, wiki hii watu watatu wameniuliza swali moja. Mtu ana simu yake kubwa, nzima, haina ila. Anapita madukani anaona vishikwambi vipya, yaani tableti, vinameta. Anakuja kwangu: fundi, nikinunua hiki nitapata kitu gani ambacho simu yangu hainipi? Na wote watatu nimewajibu vile vile: hupati kitu.

ZUWENA: Hata kimoja?

KHAMIS: Mie navifungua, mwalimu. Ukishatoa kifuniko cha nyuma, ndani ni simu. Mfumo ni Android ile ile, programu zile zile, na chipu mara nyingi ni ya simu ya bei ya kati. Betri ya simu nyingi sasa ni mAh 5,000, hicho ndicho kipimo cha umeme inaouweka. Vishikwambi vingi vya inchi 11 vina 7,000 au 8,000, lakini kioo kinachokula umeme huo ni kikubwa mno. Kamera hafifu. Na vingine hata ukitia laini havipigi simu wala havifungui menyu ya kutuma pesa. Sasa mtu atoe laki tano, sita, kwa lipi?

ZUWENA: Kwa hicho kioo. Umekitaja kisha ukakipita mbio.

KHAMIS: Kwa sababu ni kioo tu, kimetanuka.

ZUWENA: Chukua rula, Khamis, usichukue bisibisi. Simu yangu ni inchi 6.5. Jana nimepima upana wa kioo chake, sentimita 6.8 hivi. Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21. Kwa hiyo nikifungua simuni mtihani wa miaka ya nyuma, ukurasa mzima unabanwa mpaka theluthi yake. Herufi ya pointi 12, ule ukubwa wa kawaida wa kuchapia, inakuwa kama ya pointi 4. Nani anasoma pointi 4?

KHAMIS: Si unaivuta kwa vidole.

ZUWENA: Unaivuta, ndiyo. Halafu unasoma nusu ya mstari, unasogeza, unamaliza, unarudi kushoto, umeshasahau mstari ulianzaje. Nawaona wanafunzi wangu wa kidato cha nne na maswali ya jometri. Swali lipo juu, mchoro upo chini, na haviwi mbele ya macho kwa pamoja hata mara moja. Mtoto anashuka kuitazama pembe, anapanda kusoma swali, anashuka tena. Dakika tano zimekwisha hajaandika namba. Mwalimu mwingine angesema huyu hajui hesabu. Mie nimekaa ubavuni mwake nikamtazama kidole. Hesabu anaijua, alichokipoteza ni ukurasa.

KHAMIS: Na kwenye kishikwambi?

ZUWENA: Kile cha inchi 11 ukikisimamisha, kioo kina upana wa sentimita 14.8 hivi. Ni upana wa A5, yaani A4 iliyokunjwa kati. Pointi 12 inakuwa kama nane na nusu. Si kubwa, lakini inasomeka, na mchoro na swali vinaonana.

KHAMIS: Wallahi sikuwahi kulipima hivyo. Sisi mafundi tunataja inchi tu, na inchi ni ya mshazari, kutoka pembe hadi pembe.

ZUWENA: Na mshazari unapoteza watu. Ukisikia 6.5 na 11 unaona haijafika hata mara mbili. Zidisha urefu kwa upana uone: karibu mara tatu na nusu.

KHAMIS: Sasa hapo hapo kwenye eneo nina hoja yangu. Tarehe 27 Januari 2010, Steve Jobs, mkuu wa Apple, alipoionesha iPad ya kwanza, kishikwambi chao, kule San Francisco, aliuliza swali letu hili hili: pana nafasi ya kifaa cha tatu baina ya simu na laptopu? Na akaweka sharti, kwamba kifaa hicho lazima kizishinde zote mbili katika kazi fulani muhimu, kama sivyo hakina sababu ya kuwepo. Wengi walisema ni iPhone iliyovimba. Lakini wakati ule iPhone ilikuwa inchi 3.5 na iPad inchi 9.7. Nipigie eneo, wewe mtu wa hesabu.

ZUWENA: iPhone ile ilikuwa tatu kwa mbili, iPad nne kwa tatu... inakuja mara nane.

KHAMIS: Mara nane! Leo wewe mwenyewe umesema tatu na nusu. Mwaka 2011 Samsung walitoa Galaxy Note ya inchi 5.3, watu wakaishangaa kama mtu kapakata sinia. Leo inchi 5.3 ni simu ndogo. Simu zimekua zikaila ile nafasi ya katikati. Vile vishikwambi vya inchi 7 vilivyotamba 2012, 2013, mtu akiniletea nimtengenezee namuuliza kwanza, una haja nacho kweli?

ZUWENA: Hapo sibishani. Kama una simu kubwa, inchi 7 au 8 usiiguse. Nazungumzia 10 kwenda juu.

KHAMIS: Sawa. Lakini wanafunzi wako ni kundi moja. Mtu wa kawaida nyumbani?

ZUWENA: Nikupe la baba yangu. Yupo kwenye sabini na kitu, alihifadhi Kurani ujanani, na mpaka leo anadurusu baada ya alfajiri. Msahafu wake ni ule wa Madina, kurasa 604, kila ukurasa mistari 15. Aliyehifadhi kwa msahafu ule anahifadhi na mahali. Ukimsomea aya anakwambia ipo ukurasa wa kushoto, mstari wa tatu kutoka chini.

KHAMIS: Kweli. Hata mie chuoni nilikuwa naiona sura kwa pembe za kurasa.

ZUWENA: Basi macho yamepungua nguvu. Kaka yangu akamtilia programu ya Kurani kwenye simu. Maandishi ni madogo, wakayakuza. Ukiyakuza, programu ile inazipanga aya upya, kiooni inabaki mistari mitano, sita. Ukurasa haupo tena. Baba akaanza kukosea pahala ambapo miaka arubaini hakuwahi kukosea. Hakutwambia. Mama ndiye aliyemsikia akirudia aya moja mara tatu, nne, kisha ananyamaza. Alidhani ni uzee umemfika, Khamis. Alidhani Kurani inamtoka.

KHAMIS: Subhanallah.

ZUWENA: Nikampelekea kishikwambi changu cha inchi 11, nikafungua ukurasa wa msahafu wenyewe kama ulivyochapwa, mistari 15, nikakiweka juu ya marufaa yake, kile kibao cha kuwekea msahafu. Hakusema kitu. Akanyoosha kidole chini kushoto, akakiacha pale bila ya kugusa, akafumba macho, akasoma mpaka mwisho wa ukurasa. Alipofumbua akanambia, "Ipo pale pale."

KHAMIS: Nikuulize lakini, na usinielewe vibaya. Msahafu wa karatasi si anao? Kwa nini asirudi kwenye huo?

ZUWENA: Anao na anausoma mchana, uwani, kwenye mwanga. Alfajiri chumbani na taa ile ya manjano haoni. Na umeme ukikatika ndiyo basi. Kishikwambi kina mwanga wake, weupe na weusi unaachana vizuri.

KHAMIS: Hapo umenishinda, nasema wazi. Hiyo ndiyo kazi ya lile sharti la Jobs.

ZUWENA: Na lipo jengine. Agosti 2022 nilikuwa karani wa sensa, ile ya usiku wa kuamkia tarehe 23. Tulikwenda na vishikwambi. Nyumba moja nimekaa barazani na bibi, nimekilaza baina yetu. Ninaandika jina la mjukuu wake, yeye anatazama. Akagusa kioo kwa ukucha: "Mwanangu, hapa si R, ni L." Ingekuwa simu, ningekuwa nimeinamia mie peke yangu na yeye anatazama kipaji changu cha uso. Simu ni ya uso mmoja. Skuli nikikilaza mezani watoto watatu wanafanya swali moja, kila mmoja anaweka kidole chake.

KHAMIS: Haya, sasa nipe na mie nafasi, maana mtu akitusikia hapa atakimbilia dukani. Tatizo la kwanza ni programu. Nyingi zimetengenezwa kwa simu, ukizifungua kwenye kishikwambi zinanyooshwa tu, vitufe vikubwa na uwazi mtupu kati. iPad imetoka 2010, WhatsApp yake ikaja Mei 2025. Miaka 15! Google nao toleo la Android lililolenga vioo vikubwa, 12L, wamelitoa 2022. Kwa hiyo ukiwa dukani usitazame video ya rangi rangi wanayokuwekea. Kilaze ubavu, fungua programu mbili ubavu kwa ubavu, fungua PDF ya kurasa mia, ipitishe haraka. Kikikwama hapo, nyumbani kitakwama zaidi.

ZUWENA: Na vile vya bei ya kutupa?

KHAMIS: Hivyo vinaniuma moyo. Mama mmoja wa Jambiani kaniletea chake, kakinunua kwa ajili ya mtoto wake wa skuli, kadunduliza pesa za mwani. Boksi limeandikwa memori 512 GB, RAM 12. Ukiingia kwenye mipangilio kinakuonesha namba hizo hizo. Kinaganda ukifungua picha. Nikakifungua. Betri ina stika ya 8,000, nikaibandua kwa ncha ya kisu, chini yake pana maandishi ya kiwandani: 4,000. Nikakiunga na kompyuta kupima memori, haifiki hata sehemu ya kumi ya walichoandika. Nikamwita nimuoneshe. Akaishika ile stika mkononi, akaitazama, akanirudishia.

ZUWENA: Ulimfanyia nini?

KHAMIS: Hakuna cha kufanya pale, mwalimu. Duka lenyewe lishafungwa. Nimemtafutia kilichotumika, cha kampuni inayojulikana, inchi 10, nikakijaribu siku mbili kabla ya kumpa. Na hapo niseme la vioo: kioo cha simu ninacho kwenye droo, nakubadilishia ukisubiri. Cha kishikwambi naagiza Kariakoo, kije na boti, na mara nyingine kinakuja si chenyewe. Kwa hiyo kava nunua siku hiyo hiyo.

ZUWENA: Ujumbe upo huku wa fundi cherehani wa Mkoani. Anapokea picha za mitindo kwa WhatsApp, anauliza anunue?

KHAMIS: Picha moja, mtu mmoja, na anaikuza kutazama shingo ya gauni. Simu inamtosha. Laki tano hiyo akanunue vitambaa.

ZUWENA: Ila kama anakata kwa ramani zilizochorwa, zenye vipimo?

KHAMIS: Hapo ana ukurasa. Atuandikie tena atwambie. Na baba, akipigiwa simu?

ZUWENA: Ana kitochi chake mfukoni mwa kanzu. Kishikwambi hakitoki juu ya marufaa, na mie nimeshakata tamaa ya kukirudishiwa.

KHAMIS: Jumamosi nnakuja Pemba, inshallah. Nitamletea ile plastiki ya kulinda kioo, isiyong'ara, isimpige mwanga machoni. Nikate ya kiasi gani?

ZUWENA: Inchi kumi na moja.

KHAMIS: Si inchi, mwalimu. Nipe sentimita.