Uchovu Umo Ndani ya Bajeti

Ndugu wakurugenzi, waratibu wa miradi, na ninyi wahasibu wenzangu mliokaa nyuma kama ilivyo desturi yetu, habari za asubuhi. Waandaaji waliponipigia walitaka nizungumzie afya ya akili ya wafanyakazi wa asasi za kiraia. Nikawajibu kwamba mimi si mwanasaikolojia, ni mhasibu wa miradi. Wakasema njoo hivyo hivyo. Basi nitaongea kihasibu.

Tuanze na taimshiti, ile karatasi ya kujaza saa za kazi, maana humu ndani hakuna asiyeijua. Afisa mradi analipwa na wafadhili wawili. Kwenye karatasi, asilimia 60 ya muda wake ni ya mradi wa lishe, na 40 ni ya mradi wa vijana. Lakini malengo ya lishe hayakupunguzwa yakawa asilimia 60, na mratibu wa vijana hajawahi kupokea ripoti iliyoandikwa kwa asilimia 40. Kwa hiyo mtu huyu anafanya kazi mbili nzima. Mwisho wa mwezi anajaza saa nane, saa nane, saa nane, Jumatatu hadi Ijumaa. Jumapili aliyopanda basi kwenda Kasulu ili Jumatatu asubuhi awe ukumbini haimo. Usiku wa kuandika ripoti ya robo mwaka haumo. Akithubutu kuandika ukweli anarudishiwa: "Mfadhili halipi zaidi ya saa nane, rekebisha." Anarekebisha, anasaini, bosi anasaini, mkaguzi anaikuta safi.

Hapo ndipo ubaya unapoanza kuzaa. Mwakani tunapokaa kuandika andiko jipya la kuomba fedha, tunafungua rekodi za nyuma. Zinatuambia kwamba kazi ile ilifanywa na mtu mmoja kwa saa nane tu. Tunaweka mtu mmoja tena, safari hii na wilaya mbili zaidi. Jasho lisiloandikwa mwaka huu linakuwa kipimo cha mwaka ujao.

Sheria zetu si mbaya kiasi hicho. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki. Saa za ziada ni kwa makubaliano, zisizidi 50 katika wiki nne, na zilipwe mara moja na nusu. Likizo ya mwaka ni siku 28, na mwajiri haruhusiwi kumtaka mfanyakazi afanye kazi akiwa likizo, wala kumruhusu. Hata kumruhusu! Sasa nyoosheni mikono waliowahi kwenda likizo simu isiite kwa sababu ya mfadhili. Naona mikono miwili, na mmoja ni wa mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo.

Kuna kifungu kingine ambacho wakurugenzi mnakifahamu kuliko mnavyojionyesha. Ukomo huo wa saa haumhusu mfanyakazi anayesimamia wengine kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Sitaki kumsingizia mtu, ila nimeshaona ofisi ya watu saba yenye mameneja watano.

Tusiwatupie wakurugenzi kila kitu, maana nao fedha wanapewa zimefungwa kamba. Kwa miaka mingi asasi ya hapa nchini iliyopata ruzuku ya serikali ya Marekani, kama haikuwa na kiwango ilichojadiliana nao, kwa gharama zisizo za moja kwa moja, yaani za kuendesha ofisi, iliruhusiwa kudai hadi asilimia 10 tu ya gharama za moja kwa moja za mradi. Tangu Oktoba 2024 ni hadi asilimia 15. Ndani ya hiyo kuna pango, umeme, mhasibu, mtu wa rasilimali watu, ukaguzi, programu za kompyuta. Mashirika makubwa ya kimataifa yaliyojadiliana viwango vyao yalikuwa yanapata zaidi. Mfadhili anafurahia kutangaza kwamba fedha yake imekwenda moja kwa moja kwa walengwa. Imekwenda, sawa, lakini imebebwa begani na mtu ambaye mchango wake wa NSSF haujapelekwa miezi mitatu.

Kisha ikaja Januari 2025. Tarehe 20 Rais Trump alisaini amri ya kusitisha misaada ya nje kwa siku 90, na kabla ya wiki kuisha barua za kusimamisha kazi zikaanza kuingia kwenye barua pepe. Kufikia Julai mosi USAID yenyewe, wakala wa misaada wa Marekani, haikuwepo tena kama shirika linalojitegemea. Waliopoteza kazi tumewasema sana, na ni haki yao. Waliobaki hatuwasemi. Aliyebaki alikabidhiwa mafaili ya wenzake watatu, mshahara ule ule, mkataba wa miezi sita badala ya mwaka, na neno moja: shukuru. Mtu wa namna hiyo haombi ruhusa hata akiumwa. Anaogopa ofisi isije ikagundua kwamba mambo yanakwenda bila yeye.

Nataka niwaonyeshe siku moja ya afisa anayeshughulikia kesi za ukatili kwa watoto. Sitataja wilaya. Asubuhi amemsikiliza mtoto wa miaka tisa kwa saa mbili, amempeleka hospitali, kisha dawati la jinsia polisi, yote kwa bodaboda kwa sababu gari la mradi lilikuwa limembeba mgeni. Saa tisa alasiri anarudi ofisini kurejesha masurufu, yaani kutoa hesabu ya fedha za safari alizopewa. Mhasibu anamwomba risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ya bodaboda. Nani hapa amewahi kuona bodaboda mwenye mashine ya EFD? Shilingi elfu kumi na nne zinakatwa kwenye mshahara wake. Halafu jioni anakwenda nyumbani na sauti ya yule mtoto kichwani, na hana wa kumweleza, maana siri ya kesi hairuhusu amwambie mume, na bajeti haina mtu wa kumsikiliza msikilizaji. Fomu ile ya masurufu inayodai risiti ingeweza kubadilishwa kwa sahihi moja ya mkurugenzi.

Mwanasaikolojia aliyeueleza uchovu huu wa kazi, ambao kwa Kiingereza huitwa burnout, yaani kuungua, kitaalamu mwaka 1974, Herbert Freudenberger, hakuugundua kiwandani. Aliuona kwenye kliniki ya bure jijini New York, alikokuwa akijitolea jioni baada ya kazi yake ya mchana. Aliuona kwa wenzake na kwake mwenyewe. Walioungua kwanza ni waliokuwa na moyo. Shirika la Afya Duniani nalo, katika orodha yake ya magonjwa, ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022, halikuuita ugonjwa. Limeuweka kama hali inayotokana na msongo wa muda mrefu wa kazi usiodhibitiwa. Ndiyo maana siku ya mazoezi ya viungo na fulana zenye nembo haisaidii. Fulana zile, kwa taarifa yenu, zina mstari wake kwenye bajeti.

Ninachoomba ni kidogo na kinaudhi. Kuanzia mwezi huu taimshiti ziandikwe kweli, hata kama saa za juu ya nane hazitalipwa, na mwisho wa robo mwaka jumla yake iende kwa mfadhili ikiwa kiambatisho cha ripoti. Atakasirika? Huenda. Lakini hajawahi kuiona namba hiyo, na sisi ndio tulioificha. Kwenye andiko jipya, nauli isiyo na risiti iwe na kiwango kilichokubaliwa, na ushauri nasaha kwa maafisa wa kesi uwekwe kwenye gharama za moja kwa moja, upande ule ule wa mafuta ya gari. Wakikata, tuwe na barua yao inayosema wamekata.

Naambiwa muda umekwisha. Maswali nitayapokea, ila naomba tuanze na madereva na wahudumu wa ofisi, wakurugenzi wafuate.