Wajomba wa Bombo

REHEMA: Karibuni tena. Kaka Juma leo amekuja na karatasi, ameandika mambo matatu. Mimi naanza na Bombo.

JUMA: Anza tu, dada. Karatasi itangoja.

REHEMA: Jumamosi nilikuwa maulidini huko Bombo. Mbele yangu alikaa kijana wa jirani, miaka kama 30. Tangu utotoni masomo yalimshinda, na sasa mkono unatetemeka. Kaletewa gilasi ya chai, kaishika kwa mikono miwili, bado ikamwagikia kanzu. Dada yake mdogo akatia sahani chini ya gilasi, hata kichwa hakugeuza.

JUMA: Kazoea.

REHEMA: Kazoea. Basi bi mkubwa mmoja nyuma yangu akasema: "Huyu kafuata wajomba." Kumbe mjomba wake naye alikuwa hivyo hivyo.

JUMA: Wajomba! Mtoto akichelewa kutembea, wajomba.

REHEMA: Akipenda pilau—

JUMA: Wajomba. Ila safari hii yule bi mkubwa kagusa jambo. Kuna jeni, yaani agizo la urithi ndani ya seli, inaitwa RAB39B. Iko kwenye kromosomu X, kimojawapo cha vifurushi vinavyobeba jeni. Mwaka 2014 watafiti waliieleza kwa familia za Australia na Marekani: wanaume wenye ulemavu wa akili tangu utotoni, kisha kutetemeka na kukakamaa kwa Parkinson, ugonjwa wa ubongo, kabla ya uzee. Protini yake husaidia kusafirisha mizigo ndani ya seli za neva. Mwanamume ana X moja tu, kaipata kwa mama. Ikiharibika, hana ya akiba. Mama anazo mbili, mara nyingi haumwi.

REHEMA: Kwa hiyo mjomba na mpwa wote wawili wanaweza kuwa wameirithi kwa bibi mmoja.

JUMA: Hasa! Baba hampi mwanawe wa kiume X, anampa Y.

REHEMA: Basi hata yule dada wa sahani...

JUMA: Kama mama anayo, nusu kwa nusu. Ndiyo maana aambiwe kabla hajaolewa.

REHEMA: Hapo sikubali. Wakwe wakisikia "imetoka kwa mama", hawasikii kingine. Yule mama atamaliza maisha yake akinyooshewa kidole.

JUMA: Na binti azae gizani?

REHEMA: Wewe umejuaje kama ni jeni hiyo? Pengine kijana alipewa dawa za kutuliza akili. Haloperidoli peke yake inaweza kuleta mtetemeko.

JUMA: Kweli, hilo liulizwe kwanza. Halafu daktari wa neva, halafu kipimo. Lakini jibu likirudi, binti aambiwe.

REHEMA: Aulizwe kama anataka kujua.

JUMA: Aambiwe, dada.

REHEMA: Aulizwe! Mwili ni wake.

JUMA: Na watoto watakaozaliwa?

REHEMA: Nimesema aulizwe.

JUMA: ...Fundi ananionyesha vidole viwili. Dakika mbili, na sijasoma hata moja.

REHEMA: Soma la kwanza.

JUMA: "Jeni ya parkin, iligunduliwa Japani, 1998. Huleta Parkinson ya ujanani. Kwa kawaida akili ya mtoto haiathiriki. Mgonjwa hurithi nakala mbovu kwa baba na kwa mama, wote wawili."

REHEMA: Wote wawili! Hilo ndilo ungeanza nalo, kaka. Nimekaa hapa nusu saa namtetea yule mama.

JUMA: Ni ugonjwa mwingine, dada, siyo ule wa—

REHEMA: Najua ni mwingine. Soma la pili.

JUMA: Muziki umeshaanza.