Preludi ya E Maina: Acheni Kuusifu Mkono wa Kulia

Asante, mwenyekiti. Walimu wenzangu, na ninyi vijana wa kwaya mliokaa nyuma karibu na mlango ili iwe rahisi kutoroka: sogeeni mbele, nitawahitaji muimbe.

Wanaonifahamu wanajua nitasema nini, maana nalisema kila ninapopewa kipaza sauti. Preludi ya mtunzi Chopin, kipande kifupi cha piano katika ufunguo wa E maina, namba 4 katika zile 24 za opus 28 (mkusanyo wake wa 28), tunaifundisha kichwa chini miguu juu. Mwanafunzi anafungua ukurasa. Ni mmoja tu, vipimo 25, yaani visanduku 25 vya mapigo. Anaona mkono wa kulia una noti chache tena ndefu, anafurahi, na baada ya siku chache anatangaza kwamba kaimaliza. Ukimsikiliza, kulia anaimba kwa madaha, kushoto anatwanga. Na mwalimu anaitikia kwa kichwa: wimbo umetoka vizuri!

Wimbo upi? Hebu tuukague. B, kisha C. B, C. Tena B, C. Baadaye A, B, A, B. Mtoto wa chekechea anautunga huo kabla ya uji wa saa nne. Nendeni nyumbani mkazipige noti hizo peke yake, bila kitu chini yake, mje mniambie nani amelia.

Haya, vijana. Soprano, chukueni B. Msiiachie, pumueni kwa zamu. Alto E, teno B ya chini, besi G. Vizuri. Hiyo ni E maina, lakini angalieni besi wako wapi: wako G, si E. Kumbukeni hilo, nitalirudia. Sasa besi pekee, shukeni nusu toni, ile hatua ndogo kuliko zote. Wengine tulieni. Teno, njooni A. Alto bado... bado... sasa, nusu toni. Besi tena, nusu toni. Hapo! Shikilieni hapo. Nani amekunja uso? Wewe wa shati la bluu, nimekuona.

Soprano wamefanya nini muda wote huo? Hawajasogea hata kidogo. Lakini B yao ilianza ikiwa imetulia ndani ya kordi, yaani noti zinazolia pamoja, ikayumba, ikatulia tena, na sasa inagombana na kila mtu. Waliopo hapa kutoka pwani hawahitaji maelezo: ngalawa imetia nanga palepale, maji ndiyo yanayopwa. Chopin hufanya hivyo kipimo baada ya kipimo. Vidole vya mkono wa kushoto haviteremki vyote kwa pamoja kama askari. Mara mmoja, mara wawili, aliyebaki anangoja zamu yake, na katika kungoja huko ndimo zinamozaliwa kordi ambazo ukimuuliza mwalimu wa nadharia majina yake ataanza kukohoa.

Mtu wa ogani ameshainua mkono, najua swali lake. Kama kazi ni ya kordi, kwa nini asiandike kordi ndefu, zishikiliwe tu? Kwa nini azirudie mara nane kila kipimo? Ndugu yangu, kwenye ogani ukikandamiza B inakaa mpaka uchoke. Kwenye piano, nyundo ikishagonga waya sauti inaanza kufa papo hapo, na hakuna kidole kitakachoiokoa. B ya mkono wa kulia inaendelea kunyauka, na kila kordi inayorudiwa chini yake inakuonyesha imenyauka kiasi gani. Ndiyo maana ukizitwanga zile kordi umeua kila kitu: umeifunika noti iliyokuwa inakufa yenyewe kwa utaratibu wake. Kordi ya pili ipigwe laini kuliko ya kwanza, ya tatu laini zaidi. Jaribuni, halafu mniambie kipande hiki ni rahisi.

Na kwa kuwa tumetaja ogani: Chopin alipozikwa, tarehe 30 Oktoba 1849, preludi hii ilipigwa katika kanisa la Madeleine mjini Paris, kwa ogani, na mpiga ogani Lefébure-Wély. Kwa hiyo hata siku ya mazishi yake mwenyewe ilipigwa kwa chombo kisichofaa. Sicheki. Basi, nacheka kidogo.

Mnaisubiri hadithi ya kisiwa cha Majorca, Hispania. Haya: majira ya baridi ya 1838 kuingia 1839, Chopin na mpenzi wake, mwandishi George Sand, na watoto wawili wa Sand, nyumba ya watawa ya Valldemossa, mvua, kifua kibovu cha Chopin. Piano ya Chopin, ya kiwanda cha Pleyel, imezuiliwa forodhani, hakuipata hadi Januari. Wenye makontena bandarini watamhurumia. Mimi sina ugomvi na hadithi hiyo, ila mvua haikuandika muziki. Alichokuwa nacho kule ni Bach, zile preludi na fuga katika funguo zote 24, na mtu aliyeandika preludi 24 katika funguo zote 24 hakuwa amekaa dirishani anahesabu matone. Baadaye mpiga piano Hans von Bülow akazibandika preludi zote majina, hii akaiita kukosa pumzi. Chopin hakuibandika kitu. Mwanzoni aliandika *largo*, yaani polepole, akaandika *espressivo*, yaani kwa hisia, basi.

Turudi kwa besi wangu, niliwaambia mko G. Kordi ya nyumbani, E maina yenye E chini kabisa, hamtaisikia hadi kipimo cha mwisho. Mara moja tu, ya 25! Kabla yake kuna ule mlipuko wa katikati ya nusu ya pili ambao wanafunzi huupenda kwa sababu wanaruhusiwa kupiga kelele, kisha mteremko, kisha kimya kilichoandikwa kwa makusudi, na baadaye kordi tatu za polepole. Kile kimya mnakikata. Msikikate.

Sasa urithi. Naona mwenyekiti anaangalia saa, nitakimbia. Mwaka 1961 mtunzi Tom Jobim wa Brazil, kwa maneno ya Vinicius de Moraes, alitoa "Insensatez": sauti inayong'ang'ania noti mbili, na gitaa linashuka chini yake. Mnaujua. Kila mara ninapoupiga hapa kuna anayesema, "kaiba". Kaiba kwa nani? Besi inayoshuka nusu toni kwa nusu toni chini ya kilio ni mali ya zamani sana. Mtunzi Purcell anayo katika kilio cha malkia Dido, kwenye opera yake. Bach anayo katika "Crucifixus", wimbo wa kusulubiwa, wa Misa ya B maina, tena katika E maina hiihii, na besi inarudiwa mara 13. Chopin naye tumkamate? Jipya lake si mteremko. Jipya ni kuugawa kwa sauti tatu zisizopatana saa ya kushuka. Jobim alilisikia hilo, akachukua hilo. Hakuchukua B na C, nani angezitaka?

Preludi hii ya Chopin mwimbaji Jane Birkin aliiimba mwaka 1969, mtunzi Serge Gainsbourg akiwa ameweka maneno juu yake. Gerry Mulligan wa jazi aliirekodi kwa saksafoni ya baritoni mwaka 1963. Bendi ya Radiohead, 1997, wimbo wa "Exit Music", sikilizeni gitaa la mwanzo. Mwigizaji Jack Nicholson anaipiga katika filamu ya "Five Easy Pieces", halafu anasema amechagua kipande chepesi kuliko vyote anavyovikumbuka. Yule nina maneno naye, lakini muda hauniruhusu.

Nilitaka pia kuzungumzia pedali, kwa sababu mnaikanyaga mno. Mwenyekiti ameniandikia karatasi: dakika moja. Basi tuache pedali. Nani anacheza piano hapa? Njoo, dada. Mkono wa kushoto peke yake, kipimo cha 1 hadi cha 12. Wa kulia uweke mgongoni. Hapana, mgongoni kabisa, nikuone.