Roma: Jifunze Kusoma Tarehe za Mussolini Ukutani

Habari zenu ndugu zangu mlioko nyumbani, karibuni tena. Leo tupo Foro Italico, nje ya uwanja wanaochezea timu za Roma na Lazio. Mashabiki hupita hapa mbio kuwahi geti. Wewe ukija, punguza mwendo, utazame unapokanyaga.

Nguzo hii ndefu ya marumaru nyeupe, ukivuka tu daraja, ilisimamishwa 1932. Imechongwa MUSSOLINI DUX, yaani kiongozi Mussolini, dikteta wa Italia, na maandishi yapo hadi leo. Ukiipita unaingia kwenye sakafu ya mozaiki nyeusi na nyeupe, neno DUCE, yaani kiongozi kwa Kiitaliano, limerudiwarudiwa. Kando yake kuna mapande makubwa ya marumaru yenye tarehe. Tafuta la 9 Mei, mwaka XIV E.F.

E.F. ni Enzi ya Ufashisti, iliyoanza kuhesabiwa mwishoni mwa Oktoba 1922, Mussolini aliposhika madaraka. Chukua namba ya Kirumi, jumlisha na 1922. XIV ni 14, kwa hiyo ni 1936. Lakini tarehe ikiwa ya Novemba au Desemba, toa moja, maana mwaka wao haukuanza Januari. Wengi hukosea hapo. Wengine hudhani ni namba za zama za Kaisari, wakapiga picha na kuondoka.

Na 9 Mei 1936 ni siku gani? Ni siku Mussolini alipotangaza kwamba Ethiopia ni mali ya dola lake, baada ya kuwamwagia watu gesi ya sumu kutoka kwenye ndege. Hao ni majirani zetu. Walioiangusha dola hiyo 1941 ni pamoja na askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Waafrika, kutoka Kenya, Uganda na Tanganyika, na kile kikanisa cha Mai Mahiu, Kenya, kilijengwa na mateka wa Kiitaliano wa vita hivyo.

Kisha panda metro B, ushuke Circo Massimo. Jengo la FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, lilikusudiwa kuwa wizara ya makoloni. Mbele yake ndipo ulipokuwa mnara wa Aksum, mita 24, ulioporwa Ethiopia 1937. Mkataba wa amani wa 1947 uliiagiza Italia iurudishe ndani ya miezi 18, ulirudi 2005!

Metro hiyohiyo inakufikisha kituo cha EUR Magliana, karibu na jengo la matao, Palazzo della Civiltà Italiana, matao tisa kwa kila safu, safu sita kila upande. Maneno yaliyo juu, ya kuwasifu Waitaliano kuwa washairi na mashujaa, yametoka kwenye hotuba ya Mussolini ya 2 Oktoba 1935. Kesho yake majeshi yake yaliingia Ethiopia.