Kuchagua Programu ya Kuhariri Picha: Mhadhara kwa Wapiga Picha wa Ridhaa

Ndugu wapenda picha, habari za jioni, na ahsanteni kwa kufika.

Nimeombwa nizungumzie swali ambalo kila anayenunua kamera yake ya kwanza huliuliza baada ya muda mfupi: nitumie programu gani kuhariri picha zangu? Kwa kawaida anayeulizwa hutaja jina la programu anayoitumia yeye, na mazungumzo yakaishia hapo. Mimi naomba tulianze swali hili kwa upande mwingine. Mpiga picha wa ridhaa hana mteja anayemsubiri wala mwajiri anayemwamulia. Alicho nacho ni akiba ya picha inayokua mwaka hadi mwaka, za watoto, za harusi za ndugu, za safari, na za wazee ambao baadhi yao watakuwa wametangulia mbele ya haki siku picha hizo zitakapofunguliwa tena. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza programu fulani inaweza kufanya nini, uliza kazi utakayoifanya ndani yake itahifadhiwa wapi, na siku ukitaka kuhama utaondoka na nini.

Nianze na faili yenyewe. Kamera ikikupa JPEG, huwa imekwisha kuamua rangi, ukolezi na ukali wa picha, kisha ikatupa sehemu kubwa ya taarifa zilizonaswa na kihisi. JPEG ina biti 8 kwa kila rangi, yaani ngazi 256 kutoka giza hadi mwanga. Faili ghafi (RAW), yaani taarifa za kihisi kama zilivyonaswa kabla kamera haijaziamulia lolote, ikiwa ya biti 14 kama zitoazo kamera nyingi za kisasa, ina nafasi ya ngazi 16,384. Tofauti hiyo huioni picha ikiwa imetoka vizuri. Unaiona pale unapojaribu kuokoa wingu lililoungua au uso ulioingia gizani. Ndiyo maana leo nitazungumzia zaidi programu za faili ghafi, kwa sababu ndizo zinazobeba akiba ya mtu kwa miaka mingi.

Programu hizo haziigusi faili asili. Unapovuta kitelezi cha mwangaza, kinachobadilika ni picha unayoiona kwenye kioo tu. Chini yake programu inaandika maagizo ya namna ya kuichora upya kila unapoifungua. Chukueni RawTherapee, programu huria ya bure iliyoanzishwa na Gábor Horváth wa Hungaria. Ukiihariri picha humo, pembeni ya faili ghafi hutokea faili ndogo ya kilobaiti kadhaa yenye kiambishi cha pp3. Ifungue kwa programu yoyote ya maandishi, hata ile nyepesi kabisa iliyokuja na kompyuta, utakuta sehemu yenye kichwa cha Exposure na chini yake mstari unaosomeka Compensation=0.6. Hiyo ndiyo kazi yako ya jana usiku, imeandikwa kwa herufi ambazo binadamu anaweza kuzisoma, na inakwenda popote folda inapokwenda. Darktable, programu nyingine huria iliyoanza kutolewa mwaka 2009, huandika maagizo yake katika faili ya XMP, nayo ni faili ndogo ya maandishi, kando ya kila picha, na nakala nyingine huiweka kwenye hifadhidata yake. Lightroom Classic ya Adobe huyaweka yote ndani ya katalogi moja, yaani hifadhidata yake. Unaweza kuiagiza iandike na faili za XMP pia, lakini mpangilio huo lazima uuwashe mwenyewe, nami namsihi kila anayeitumia auwashe leo.

Kwa nini nalisisitiza jambo hili? Kwa sababu programu hufa. Apple ilitoa Aperture mwaka 2005, programu nzuri iliyopendwa na wapiga picha wengi, wa ridhaa na wa kulipwa. Juni 2014 kampuni ikatangaza kwamba haitaiendeleza tena, na mwaka 2019 toleo jipya la mfumo wa Mac, Catalina, likakataa kabisa kuifungua. Picha asili hazikupotea. Kilichopotea kwa wengi ni uamuzi: vivuli walivyovifungua kwa uangalifu, rangi walizozitafuta, na mipaka waliyoikata upya. Google nayo iliifunga Picasa mwaka 2016. Hizi si kampuni ndogo zilizofilisika; ni miongoni mwa kampuni kubwa kuliko zote duniani, na ziliamua tu kwamba biashara hiyo haiwafai.

Hapa kuna jambo ambalo matangazo hayalisemi. Ukihama kutoka programu moja kwenda nyingine, nyota ulizozipa picha, maneno ya utafutaji na maelezo uliyoyaandika kwa kawaida huhama nawe, kwa kuwa yanafuata kanuni za pamoja. Mahariri yenyewe hayahami, au huhama nusunusu, kwa sababu kila programu ina hesabu zake za kuifasiri faili ghafi, na kitelezi cha vivuli cha huyu si kitelezi cha vivuli cha yule. Kinga ni moja tu: picha unazozithamini kweli zitoe pia kama TIFF za biti 16, aina ya faili ya picha iliyokamilika inayofunguliwa na programu nyingi, au angalau JPEG za ubora wa juu, uziweke pamoja na faili asili katika diski mbili zisizokaa nyumba moja.

Sasa bei. Mei 2013 Adobe ilitangaza kwamba matoleo mapya ya Photoshop hayatauzwa tena kwa malipo ya mara moja, bali kwa malipo ya kila mwezi au mwaka. Lightroom iliendelea kuuzwa kwa muda. Toleo la 6, lililotoka mwaka 2015, ndilo lililokuwa la mwisho kununuliwa moja kwa moja, na masasisho yake yalikoma Desemba 2017. Miezi michache baadaye Canon ikaleta kamera ya EOS M50 yenye aina mpya ya faili ghafi, CR3, na aliyekuwa na Lightroom 6 aliyoinunua kwa halali akakuta haiwezi kuifungua. Ilimbidi kwanza ageuze kila faili kuwa DNG, aina ya faili ghafi ya Adobe, kwa programu ya bure ya Adobe yenyewe.

Sisemi hivyo ili kuwazuia kulipia. Naamini Lightroom Classic bado ndiyo programu bora kwa mtu anayerudi kutoka harusini na picha mia nane na anataka kuzichuja, kuzipanga na kuzisahihisha kabla hajalala. Ukiacha kulipa, katalogi bado hufunguka, picha utaziona na utaweza kuzitoa. Kinachofungwa ni sehemu ya kuhariri. Huo ni utaratibu wa haki kiasi. Lakini anayelipia kwa dola huku kipato chake ni shilingi ajue kwamba gharama yake inapanda na kushuka na soko la fedha, na kwamba kadi ikiendelea kukataliwa, sehemu ya kuhariri inaweza kufungwa.

Programu huria nazo tuzitazame kwa uaminifu uleule. Darktable ilianza kuzifungua faili za CR3 katika toleo la 3.8, Desemba 2021, karibu miaka minne baada ya kamera hizo kuingia sokoni, kwa sababu wanaoijenga hujitolea na watengenezaji wa kamera hawachapishi siri za faili zao. Anayenunua kamera mpya kabisa aangalie kwanza kama jina lake limo katika orodha ya programu anayoitegemea. Pia darktable haiigi sura ya JPEG ya kamera yako. Picha hufunguka ikiwa imefifia, na wewe ndiye unayeijenga. Wengi huikimbia hapo. Atakayevumilia atajifunza jinsi mwanga unavyofanya kazi kuliko nilivyoona mtu akijifunza kwa programu nyingine yoyote. GIMP, iliyoanzishwa mwaka 1995 na Spencer Kimball na Peter Mattis wakiwa wanafunzi wa Berkeley, ni chombo cha kazi nyingine: kuunganisha picha, kufuta kitu, kuandika juu ya picha. Haifungui faili ghafi bila kusaidiwa na darktable au RawTherapee. Affinity ya Uingereza nayo hufanya kazi kama hizo za kuunganisha na kufuta, na tangu Oktoba 2025, chini ya mmiliki wake mpya Canva, inatolewa bure kwa mwenye akaunti ya Canva.

Msisahau pia programu ya mtengenezaji wa kamera yenu. Canon wana Digital Photo Professional, Nikon wana NX Studio. Ni za bure, ni nzito kidogo, na rangi zake zinalingana na zile ulizoziona nyuma ya kamera. Kwa anayeanza, hapo panatosha kwa miezi mingi.

Naomba nikae kidogo kwenye rangi ya ngozi, maana hapa ndipo watu wetu wanapoumizwa na programu bila kujua. Katikati ya karne ya 20, maabara za filamu zilipanga rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe, zilizojulikana kwa jina la Shirley, na ngozi nyeusi ilitoka kama ilivyotoka. Teknolojia imebadilika, lakini mapungufu hayajaisha yote. Google iliona haja ya kutangaza Real Tone, kazi yake ya kuzifanya kamera za simu zionyeshe ngozi nyeusi kwa usahihi, mwaka 2021, wakati huo tukiwa tumekwisha kupiga picha za dijitali kwa miongo.

Chukueni picha ya mvuvi ufukweni Kunduchi saa nne asubuhi, bahari nyuma yake inang'aa na tanga ni jeupe. Kipimo cha mwanga cha kamera kinaiona bahari, kinapunguza mwanga, na uso unaingia gizani. Ukibonyeza kitufe cha kusahihisha chenyewe, programu mara nyingi itainua vivuli vyote kwa pamoja: uso unaonekana, lakini ngozi imekuwa ya kijivu kama iliyopakwa majivu, na chembechembe zimejaa shavuni. Kazi sahihi ni ya hatua tatu. Kwanza shusha maeneo angavu mpaka mishono ya tanga irudi. Kisha chagua uso peke yake na uuinue taratibu, stopu moja au moja na nusu (stopu moja ni kuongeza mwanga mara mbili). Mwisho rudisha joto la rangi katika machungwa na nyekundu, kwa sababu wekundu na hudhurungi ndio uhai wa ngozi yetu, na ndio hufa kwanza vivuli vinapovutwa. Programu isiyokuruhusu kuchagua uso peke yake na kugusa rangi moja bila kuharibu nyingine haikufai, hata iwe na vichujio mia. Lightroom, Capture One, DxO PhotoLab na darktable zote zinaiweza kazi hiyo. Nyuso zenu wenyewe ndizo ziwe kipimo, wala msitegemee picha za mfano zinazowekwa kwenye matangazo.

Kuhusu kompyuta, nitakuwa mfupi. Zana mpya za kuondoa chembechembe kwa akili unde, kama Denoise iliyoingia Lightroom mwaka 2023, zinategemea kadi ya michoro. Kompyuta mpakato ya zamani itatumia dakika kadhaa kwa picha moja. Tahadhari pia na programu zinazopeleka faili asili kwenye seva: picha 500 za megabaiti 30 kila moja ni gigabaiti 15, na wote tunajua bei ya bando.

Na kuhusu nakala zilizokrekiwa ambazo fundi hukuwekea pamoja na Windows, nasema waziwazi kwamba msizitumie. Ni wizi, haziwezi kusasishwa kwa usalama, na mara nyingi hubeba virusi ndani ya kompyuta ileile yenye picha za familia yako. Zamani mtu angeweza kudai hana njia nyingine. Leo njia za bure na za halali zipo, na kwa mwenye simu tu Snapseed inatosha kabisa.

Kabla hujaamua, fanya jaribio hili. Chagua picha kumi zako mwenyewe zenye matatizo tofauti: uso kwenye kivuli, kanga nyekundu juani, sherehe ya usiku chini ya taa za rangi, mandhari yenye mawingu mazito. Zihariri katika programu mbili, moja ya kulipia katika muda wake wa majaribio na moja ya bure. Kisha nakili folda nzima kwenye kompyuta ya rafiki yako yenye programu ileile, uifungue huko. Kama mahariri yako yametokea, umeelewa yanakaa wapi. Kama picha zimefunguka zikiwa kavu kama zilivyotoka kwenye kamera, tafuta katalogi ilikobaki, ujifunze kuinakili, urudie jaribio mpaka lifaulu, ndipo uingize picha zako nyingine zote.

Kompyuta iliyo hapa mezani ina darktable na RawTherapee, na aliyekuja na kadi ya kumbukumbu yenye faili zake tunaweza kuzifungua sasa hivi pamoja. Karibuni kwa maswali.